Simu, saiba, Huduma au broka: leseni na logibuku yako uishughulikie kwa njia ipi?

Miaka minne niliyokaa nyuma ya kompyuta ya saiba huku Kisauni, Mombasa, swali lililonijia mara nyingi kuliko yote lilikuwa hili: "Kijana, hii lazima niende mjini?" Mtu ameshika leseni iliyopitwa na tarehe, au ana picha ya logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, kwenye simu, na kichwani anapiga hesabu ya nauli ya matatu kwenda na kurudi na kazi atakayoilaza siku hiyo. Jibu langu halikubadilika: inategemea watu wa NTSA, mamlaka inayosimamia leseni na usajili wa magari, wanataka nini kutoka kwako. Wakitaka kidole chako, utaenda. Wakitaka gari lenyewe, utalipeleka. Wakitaka nambari na pesa tu, kaa hapo hapo ulipo.

Saiba niliiacha, lakini majirani hawajaacha kuuliza. Naweka hapa njia nne tulizo nazo Kenya za kumaliza mambo ya NTSA bila kupiga foleni kwenye ofisi zake, na kila moja inafaa nani.

Wenye umri wanakumbuka tulikotoka. Kabla ya Sheria ya mwaka 2012 kuunda NTSA, usajili wa magari na leseni za udereva vilikuwa mikononi mwa watoza ushuru wa KRA, na Nairobi foleni yake ilikuwa pale Times Tower. Leseni ilikuwa kijitabu chekundu, na kila ukiifanya upya unabandikiwa stika ndani yake. Dereva wa siku nyingi ulimjua kwa unene wa kijitabu. Mwaka 2017 ikaja leseni ya kadi yenye chipu, na mwaka 2023 huduma za NTSA zikahamishwa kutoka mfumo wa zamani wa TIMS zikawekwa ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Hapo ndipo simu ya mkononi ilipogeuka kaunta.

Kabla ya kuchagua njia, pima kazi yenyewe

Watu wengi hukosea hapa. Anachagua pa kwenda kabla ya kujua anachoendea.

Kazi za nambari na pesa ni nyingi kuliko wanavyodhani: kufanya upya leseni ya mtu ambaye alama zake zimeshachukuliwa, kuomba leseni ya muda ya mwanafunzi wa udereva, kuweka siku ya mtihani, kuweka siku ya ukaguzi wa gari, kutafuta rekodi za gari unalotaka kununua, na kuhamisha umiliki. Haya yote huanzia mtandaoni, upende usipende. Hata ukipanda gari mpaka ofisini, atakayekuhudumia atafungua ukurasa ule ule ambao ungeufungua kitandani.

Kazi za kidole ni chache. Leseni ya kadi kwa mara ya kwanza inataka alama za vidole na picha yako. Mtihani wa udereva nao unakutaka wewe, huwezi kumtuma mtu, ingawa visa vya kutumana tumevisikia sote.

Kazi ya gari ni ukaguzi. Simu itakupa siku na kukulipisha, lakini lori au matatu lazima liende Miritini, au Likoni Road kwa walio Nairobi, likapimwe breki na taa zake zitazamwe. Atakayekuahidi cheti cha ukaguzi na gari liko nyumbani anakuuzia shida.

Halafu kuna kuchukua. Kadi na logibuku ni vitu vya kushikika. Unapojaza maombi unachagua kituo cha kuvichukulia, na hapa nimeona watu wakibonyeza jina la kwanza wanaloliona, kisha mkaaji wa Mtwapa anaambiwa kadi yake iko mji mwingine kabisa. Usikimbie sehemu hiyo.

Simu yako mwenyewe

Kwa kazi za nambari, nasimama na simu. Bei yake ni ada ya serikali, na bando. Leseni ya kadi, kwa mfano, ni shilingi 3,050, ambapo zile 50 ni za eCitizen. Kutafuta rekodi za gari ni 550. Hakuna mtu wa katikati wa kuongeza chake juu.

Inavyokwenda: unaingia eCitizen, unafungua huduma za NTSA, unachagua unachotaka, unajaza, inatoka ankara. Ankara ina kiasi na nambari yake ya akaunti, na M-Pesa unalipa kwa Paybill 222222. Yeyote anayekuambia ulipe kwa nambari ya simu ya mtu, hata akijiita ofisa, mwache hapo hapo. Na tazama anwani ya tovuti kabla ya kuandika neno la siri: za serikali humalizikia na go.ke.

Jirani yangu mmoja, mama anayeendesha tuktuk ya kubeba watoto wa shule, alifanya upya leseni yake akiwa amekaa mkekani baada ya magharibi, mjukuu akimshikia tochi ili kitambulisho kisome vizuri kwenye picha. Alinipigia mara moja tu, kuuliza kama achague mwaka mmoja au miaka mitatu. Mara ya mwisho nilipolipa, mwaka mmoja ulikuwa 650 na mitatu 1,450, kwa hiyo hesabu inajifanya yenyewe. Angekuja saiba angelipa ziada, na angefika kesho yake.

Tatizo la simu halikai kwenye simu. Linakaa kwenye laini. Kila unapoingia, mfumo hukutumia nambari za kuthibitisha kwa ujumbe mfupi, na ujumbe huo huenda kwenye laini uliyojiandikishia. Aliyefungua akaunti kwa laini iliyopotea, au kwa laini ya shemeji, amejifungia nje ya nyumba yake. Kabla ya jambo lolote, ingia uone akaunti yako iko kwa nambari gani. Ukikuta si yako, shughulika na hilo kwanza, hata kama leseni ina miezi mitano mbele.

Jambo la pili ni gari kutoonekana. Tulipohama kutoka TIMS, watu waliingia wakakuta orodha ya magari yao haina kitu, au ina gari waliloliuza zamani na mnunuzi hakuwahi kulihamisha. Kama ni wewe, hiyo si kazi ya kubonyeza tena. Andikia au tembelea wahusika ukiwa na logibuku, na fanya hivyo kabla hujapata mnunuzi. Mnunuzi akishafika na pesa, kila siku ya kungoja inakula bei.

Na mfumo ukilala, umelala kwa wote. Julai 2023 eCitizen iliposhambuliwa na wadukuzi, hata anayekwenda kaunta alikuwa anakutana na kompyuta ile ile iliyokwama. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kaunta ni salama zaidi kwa sababu ina watu.

Saiba

Nitasema mazuri ya saiba kwanza, maana ilinilisha.

Mtu wa saiba ameona makosa mia. Anajua kwamba jina kwenye kitambulisho ni "Mwanajuma Ali Salim" na kwenye PIN ya KRA likaandikwa "Salim Mwanajuma", na kwamba mfumo utakataa na hautakueleza kwa nini. Ana skana, kwa hiyo logibuku haitatoka kama imepigwa picha chini ya maji. Ana printa. Na kwa mzee ambaye herufi za simu ni ndogo kuliko chawa, saiba ni utu.

Bei tuliyotoza sisi ilikuwa 200 kwa kufanya upya leseni na 500 kwa kuhamisha umiliki, juu ya ada za serikali. Mtaa wa pili walitoza nusu, na karibu na mjini zaidi. Uliza kabla hujakaa kwenye kiti, na uulize kila moja peke yake: ya serikali ngapi, yako ngapi. Wapo wanaokutajia jumla moja, halafu ankara ukiiona imechapwa ndipo unajua umelipia chakula cha mchana cha mtu.

Sasa mabaya, na hapa najishtaki mwenyewe. Tulikuwa na daftari la Kasuku chini ya printa. Kila mteja aliyefunguliwa akaunti aliandikwa humo: jina, nambari ya kitambulisho, barua pepe, neno la siri. Hatukuwa na nia mbaya. Mteja akirudi baada ya mwaka amesahau kila kitu, na daftari linamwokoa. Lakini daftari lile lilishikwa na vijana wanne tofauti katika miaka minne, na lilipojaa likawekwa kwenye boksi, na boksi sijui liliishia wapi. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Sisi tulikuwa tunailinda data kwa karatasi za kufungia maandazi.

Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi. Mteja hana barua pepe, hana muda, simu yake ni kabambe, ile ya vibonyezo tu. Kijana anafanya nini? Anaweka barua pepe ya saiba, na pengine laini yake mwenyewe, kazi iishe. Mwenye tuktuk mmoja alikuja kwangu akitaka kuuza chombo chake, akaunti ikafunguka vizuri, ujumbe wa kuthibitisha ukatumwa, tukangoja. Haukuja. Tulipotazama tarakimu za mwisho za ile laini zilizoonyeshwa, akazijua: zilikuwa za kijana wa saiba nyingine aliyemfungulia akaunti, na huyo kijana alikuwa ameshaondoka kwenda Saudia kufanya kazi. Mnunuzi alingoja siku tatu, ya nne akanunua tuktuk nyingine.

Kwa hiyo, ukienda saiba, nenda na simu yako na laini yako, neno la siri liandike wewe kwa vidole vyako, ukimaliza hakikisha umetoka kwenye akaunti mbele ya macho yako. Kijana akikuambia "niachie tu neno la siri, nitakumalizia jioni", mwambie utarudi jioni.

Huduma Centre

Cha kwanza kilifunguliwa Novemba 2013 Nairobi, kwenye jengo la Posta, na leo kaunti zote 47 zina walau kimoja. Mombasa kiko Posta pale Digo Road. Si ofisi ya magari. Ni ukumbi ambamo taasisi nyingi zimewekwa kaunta kaunta, na NTSA ni mojawapo, kwa hiyo siku hiyo hiyo unaweza kutoa alama za leseni na kufuatilia kitambulisho cha mtoto.

Nenda Huduma kwa kazi ya kidole, na kwa kuchukua. Kwa mengine utakaa kwenye kiti cha plastiki na tiketi ya nambari ukingoja kuambiwa uingie mtandaoni. Malipo yanayotakiwa ni ya ankara pekee, na huduma yenyewe haina malipo ya ziada. Fanya maombi na ulipe kabla hujatoka nyumbani, ufike na risiti na kitambulisho halisi. Nakala ya kitambulisho haimsaidii mtu pale.

Nilimsindikiza mzee mmoja wa kwetu, mgema wa siku zake aliyegeuka bodaboda uzeeni, kuchukuliwa alama katika kituo kimoja. Kidole gumba kikawekwa, mashine ikakataa. Kikafutwa kwa kitambaa, ikakataa. Miaka thelathini ya kukwea minazi ilikuwa imesugua mistari yote. Dada wa kaunta hakuonyesha kushangaa hata kidogo. Alimwambia, "Baba, hebu kisugue hapa kwenye paji la uso, kipate mafuta yako mwenyewe." Mzee akasugua, akaweka, mashine ikalia. "Kumbe shida ilikuwa ukavu," mzee akasema, na watu kwenye foleni wakacheka pamoja naye. Kwa hiyo waashi, wavuvi na wafua nguo, msikate tamaa mapema, na msiende siku ambayo mmetoka kushika saruji.

Udhaifu wa Huduma ni saa. Hufunguliwa saa za ofisi siku za kazi, na kwa anayelipwa kutwa, asubuhi moja ni mlo wa jioni. Jumatatu na siku za mwisho wa mwezi ziache kama unaweza. Katikati ya wiki mapema ndiyo saa yangu.

Broka

Tuelewane kuhusu neno. Kuna wakala wa forodha, mwenye leseni, anayetoa gari lako bandarini Kilindini likitoka Japani. Huyo unamhitaji, na kusajili gari hilo kwa mara ya kwanza kwa kawaida hukufanyia yeye pamoja na kazi ya ushuru. Simsemi huyo.

Nasema yule anayesimama nje na bahasha ya kaki chini ya kwapa. Anakuuliza "logibuku au leseni?" kabla hujamsalimu. Ukimpa kazi ya kuhamisha umiliki, huenda atakutajia maelfu juu ya ada. Kinachofuata ni hiki: anavuka barabara, anaingia saiba, anaketi kwenye kompyuta kama niliyokuwa nayo, anafungua eCitizen kwa neno la siri ulilompa. Najua kwa sababu walikuwa wateja wangu. Nilitoza 500 ile ile.

Je, kuna siku broka anafaa? Ipo. Gari la kampuni lenye wakurugenzi watatu ambao hawakai meza moja. Gari lililochukuliwa kwa mkopo, ambapo benki inabidi iondoe jina lake kwanza ndipo lihamishwe. Gari la marehemu, ambalo haliendi kokote mpaka mahakama itoe hati za mirathi. Hizo ni kazi za kufuatilia, za kupiga simu na kurudi mara tano, na anayekufuatilia analipwa kwa miguu yake. Lakini hata hapo ningemtafuta wakili wa kawaida, mwenye ofisi na mlango, kabla ya mtu wa bahasha.

Anayekuambia ana "mtu ndani" atakayeharakisha, jua anachouza ni haraka isiyo yake. Na ikiwa kweli anaye, ubaya wake ni zaidi.

Kuuza na kununua gari: njia zote nne mezani

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo pesa za watu hupotelea.

Sheria ya Trafiki inamtaka mwenye gari aliyeuza aarifu msajili ndani ya siku 7, na gari lisitembee barabarani zaidi ya siku 14 bila kusajiliwa kwa jina la mmiliki mpya. Tunavyofanya wengi wetu ni kinyume chake. Muuzaji anapokea pesa, anatoa logibuku, nakala ya kitambulisho na ya PIN, wanapeana mikono, basi. Mnunuzi anaona ada ya kuhamisha ni gharama ya kuahirisha. Mwaka unapita, gari linauzwa tena kwa makaratasi yale yale. Siku linagonga mtu kule Mariakani, polisi wakiandika nambari ya usajili, jina linalotoka ni la yule wa kwanza ambaye hata rangi ya gari ameshaisahau.

Kwenye mfumo wa sasa, muuzaji ndiye anayeanza, kwa akaunti yake. Anachagua gari, anaingiza nambari ya kitambulisho ya mnunuzi, anapakia nyaraka. Mnunuzi naye kwenye akaunti yake anakubali. Ada hupanda kulingana na ukubwa wa injini. Kwa kuwa lazima pande mbili zibonyeze, mtindo wa kuuza kwa fomu iliyotiwa sahihi bila jina la mnunuzi umebanwa, na mimi nashukuru.

Ukifanya kwa simu: nyote wawili kaeni meza moja, kila mtu na simu yake na laini yake. Kabla ya siku hiyo mnunuzi awe amelipa zile 550 za kutafuta rekodi, ameona jina la mwenye gari, ameona kama kuna benki nyuma yake, na ameinama na tochi kusoma nambari ya chesisi kwenye chuma chenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Mtu anayesoma chesisi kwenye logibuku anasoma karatasi. Halafu fedha: hofu ya muuzaji ni kuhamisha kabla ya kulipwa, hofu ya mnunuzi ni kulipa kabla ya kuhamishiwa. Ninavyowashauri watu ni sehemu itolewe wakati wa kuandikiana mkataba wa mauzo mbele ya mashahidi, na iliyobaki itumwe palepale mezani, mnunuzi akishabonyeza kukubali na chai haijapoa.

Ukifanya saiba: ni hivyo hivyo, na skana inasaidia sana kwa logibuku za zamani zilizofifia. Lakini nendeni wote wawili. Nimeona muuzaji akimtuma mnunuzi peke yake na neno lake la siri limeandikwa kwenye kipande cha karatasi. Huyo ameshatoa ufunguo wa gari hilo na wa magari yake mengine yote, na wa mambo mengine ya serikali yaliyo kwenye akaunti ile.

Huduma watakusaidia ukikwama, hasa gari lisipoonekana kwenye akaunti, na wengine huchagua kuchukulia logibuku mpya hapo. Kuanzisha uhamisho pale sioni faida.

Broka, kwa uuzaji wa kawaida wa mtu na mtu, ni kumlipa mgeni ashike nyaraka za pande mbili peke yake. Sitaki hata kuendelea.

Nikilazimishwa kumjibu mtu aliyesimama mlangoni na haraka yake: leseni ya kufanya upya, simu. Leseni ya kadi ya kwanza, simu kwa maombi na malipo, Huduma kwa vidole. Mzazi asiyeona vizuri, saiba, lakini mwende naye. Gari la mtu na mtu, simu mbili meza moja. Logibuku iliyopotea, polisi kwanza ukapate abstrakti, yaani karatasi yao ya kuthibitisha umeripoti, kisha mtandaoni. Gari la mirathi, mahakama na wakili, na subira.

Walio nje ya nchi

Mpwa wangu yuko Muscat mwaka wa tatu, na Probox yake ilikuwa inaoza Likoni. Kwa leseni ya kadi ya mara ya kwanza hakuna ujanja, vidole anavyo yeye na angengoja likizo. Lakini kuuza gari ni kazi ya nambari, na Muscat au Mtongwe ni sawa kwa mfumo, mradi ujumbe wa kuthibitisha umfikie. Angeweza kutia sahihi hati ya uwakilishi akamwachia mtu mamlaka yote, na wengi hufanya hivyo, ila hati hiyo nayo ina wakili wake na muhuri wake na gharama zake, na aliyepewa anaweza kuuza kwa bei anayoitaka yeye.

Yeye alichofanya ni kuacha laini yake ya Kenya kwa dada yake, ndani ya simu kabambe yenye ufa, pamoja na maagizo ya kuiwekea kredo na kuitumia mara kwa mara, maana laini iliyolala muda mrefu hufungwa na kupewa mtu mwingine. Siku ya kuuza, mnunuzi alikuwa amekaa barazani Likoni, mpwa wangu yuko kwenye mapumziko ya chakula kule kazini kwake, na dada mtu amesimama mlangoni na miwani puani, akizisoma zile nambari za ujumbe kwenye simu ya WhatsApp, moja moja, kwa sauti ya chini ili mnunuzi asisikie. Sheria yangu ya kutompa mtu yeyote nambari hizo aliivunja, najua. Lakini ni dada wa tumbo moja, na alikuwa na busara ya kushusha sauti.